Usimlipe huyo mtafiti wa Virginia, jina la ukoo si ushahidi

Mkuu, usitume hiyo hela. Nimesoma uzi wako wa kutafuta asili ya mkeo, Mmarekani mweusi wa Virginia, nikafika pale unaposema kuna mtafiti "ameshampata babu hadi 1860" na anataka malipo ili amalizie. Nikaacha kula. Hayo mengine uliyouliza, kipimo cha DNA kipi na tovuti ipi ulipie, yasubiri kwanza.

Huyo babu wa 1860 amempataje? Nakuambia, maana mtafiti niliyemlipa mimi kwa ukoo wa mke wangu "alimpata" hivyo hivyo. Sensa za 1850 na 1860 zina daftari la pembeni la watumwa, na humo karibu watumwa wote hawana majina. Kuna jina la bwana aliyewamiliki, halafu mistari chini yake: umri, jinsia, rangi. 34, mwanaume, mweusi. Basi! Jamaa anachukua jina la ukoo la mkeo, anatafuta mzungu mwenye jina hilo kaunti ile ile, anachagua mstari ambao umri unakaribiana, anakuchorea mti mzuri wenye majani ya kijani. Mimi niliuziwa mti wa hivyo kwa hela ya kwenda Dar na kurudi. Nikauchapisha kwenye tisheti za mkutano wa ukoo wa wakwe zangu. Ndiyo, tisheti. Jina la yule mwenye watumwa likakaa juu kabisa, mgongoni mwa mama mkwe.

Kumbe walioachwa huru wengi hawakubeba jina la bwana wa mwisho. Wapo waliobeba la bwana wa zamani, wapo wa jina la baba, wapo waliojichagulia. Shangazi wa mke wangu ndiye aliyetoa karatasi ya ndoa ya babu yake kwenye mfuko wa nailoni. Virginia huwa wanaandika wazazi wa bwana harusi na wa bibi harusi, na baba aliyetajwa pale hakuwa yule wa kwenye tisheti. Tukamfuata, tukamkuta sensa ya 1870 kaunti ya jirani, kisha kwenye daftari la 1866 la wanandoa waliotoka utumwani, ambalo linaandika umri, watoto na bwana wa mwisho. Bwana wa mwisho alikuwa na jina jingine kabisa. Nikampigia mtafiti, ananijibu eti utafiti wa ukoo ni makadirio. Makadirio! Wakati wa kupokea hela mbona hakukadiria? Mama mkwe hakusema neno. Tisheti yake anafutia vioo vya gari.

Kwa hiyo shika hili: jina la ukoo si ushahidi. Anza na marehemu wa karibuni, rudi nyuma kizazi kimoja kimoja, na mzazi asiingie kwenye mti mpaka karatasi imtaje. Vyeti vya vifo vya jimbo zima vinaanza Juni 1912. Angalia nani alitoa taarifa, maana mkwe anaweza asimjue hata baba wa marehemu. Nyuma ya hapo kuna shimo: usajili wa vizazi na vifo ulisimama 1896, na sensa ya 1890 karibu yote ilipotea kwa sababu ya moto wa Washington wa 1921. Watu wakifika hapo hukata tamaa, na matapeli wanajua. Pita kwenye ndoa, hizo hazikuacha kuandikwa. Sensa ya 1880 inasema kila mtu ni nani kwa mkuu wa nyumba: mke, mtoto, mjukuu. Ya 1870, ambayo ndiyo ya kwanza kuwaandika kwa majina wote waliokuwa watumwa, haisemi, kwa hiyo usidhani kila mtoto ndani ya nyumba ni wa wenye nyumba. Soma na majirani.

(Na miji kama Richmond na Petersburg haimo ndani ya kaunti, ina madaftari yake. Usije ukasema hakuna kitu kumbe umebisha nyumba siyo.)

Muulize huyo mtu: mtoto wa huyo babu ametajwa wapi kuwa ni wake, daftari gani, kaunti gani, mwaka gani? Akianza kukuhadithia uzoefu wake, kata simu. Na kama namba ya kadi anayo tayari, pigia benki leo, usingoje Jumatatu.