Kamba niliyoifunga kwenye kona ya hisabati

Juzi usiku nimepata ujumbe wa mwalimu mmoja, binti, ajira mpya, amepangiwa darasa la awali. "Shikamoo mwalimu. Nina watoto 83, chumba kimoja, majamvi matatu. Naomba mbinu za kuwafanya wapende darasa. Wananishinda."

Marahaba, mwanangu. Nilitaka nikujibu kwa mistari mitatu nikalale. Kila nilipoanza kuandika nikaona nakudanganya, kwa sababu mimi watoto walinishinda miaka miwili mizima na miaka yote hiyo nilikuwa nasifiwa.

Mimi ni mwanaume na nafundisha awali, wilaya ya Muheza, Tanga. Sikuomba. Nilitoka chuo nikijiona mwalimu wa hisabati wa darasa la saba, kwapani fimbo, mfukoni chaki za rangi. Nikaripoti 2017, nikakuta mwalimu wa awali yuko likizo ya uzazi, nikaambiwa nishike kwa muda. Ule muda haujaisha hadi leo. Ofisi nzima ya walimu ilicheka siku ile. Wakaniita "yaya". Mwenzangu mmoja mpaka leo akiniona kituo cha daladala huuliza, "Vipi, wamelala?" Anacheka peke yake.

Darasani walikuwa watoto 71. Ada ilikuwa imeondolewa tangu Januari 2016, wazazi wakaleta watoto wote, na wakafanya vyema. Kiwango rasmi ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Nimekitaja ili ujue wewe hujashindwa peke yako; baada ya hapo kisahau, maana hakitakuletea mwalimu wa pili kesho asubuhi.

Sasa, mtu akikuita yaya unafanya nini? Mimi niliamua kutengeneza darasa la awali zuri kuliko yote katani. Mkono wangu unachora. Nikanunua manila na maka peni kwa mshahara wangu, nikakesha. Nikatenga kona za kujifunzia: kona ya lugha, kona ya hisabati, kona ya sayansi, kona ya nyumbani yenye jiko la udongo na vijungu vyake. Vizibo vya soda nikavipaka rangi kimoja kimoja. Nikafunga mizani kwa vifuu viwili vya nazi, uzi wa katani na ufito. Hapa kwetu mkonge na nazi havinunuliwi, hivyo zana zangu nyingi hazikunigharimu chochote zaidi ya usingizi.

Halafu nikachukua kamba ya katani nikaifunga mbele ya kona zote nne, kiunoni mwa mtu mzima, watoto wasiingie wakaharibu.

Wageni wakija nafungua kamba. Walipiga picha, picha zikabandikwa ofisi ya kata, nikaitwa kwenye semina kuonyesha wenzangu. Na watoto? Watoto 71 walikaa kwenye jamvi kwa mistari wakitazama vizibo vya rangi kwa mbali, wakiimba "moja, mbili, tatu" kufuata fimbo yangu ubaoni. Kipindi cha awali ni dakika 20. Dakika 18 nilizungumza mimi.

Kulikuwa na mtoto mmoja kwenye mstari wa nyuma. Nikimwonyesha kadi ya 7 anatazama vidole vya miguu. Nikimwita mbele anajikojolea. Kwenye taarifa yake niliandika kwa mkono wangu huu: "Hajui kuhesabu."

Msimu wa machungwa ukafika. Jumamosi moja nikashuka kwenye gari pale barabarani wanapopanga mafungu. Mama mmoja alikuwa anabishana na dereva wa lori, kwenye fungu amebaki mwanawe. Ndiye yeye, wa mstari wa nyuma.

"Shikamoo mwalimu. Manne mia tano."

Nikataka ya elfu moja. Akahesabu nane, akaniongezea moja la nyongeza, nikampa noti ya elfu mbili, akaingiza mkono kwenye kopo akanirudishia elfu moja. Hakumuuliza mama. Hakutazama vidole vya miguu. Nilikaa kando ya barabara na mfuko wangu kama mtu aliyeibiwa.

Usiku ule nikakumbuka jambo la chuoni. Tulikaririshwa kwamba Maria Montessori, daktari wa Italia aliyebuni njia ya kufundisha watoto wadogo, alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto, yaani darasa lake, tarehe 6 Januari 1907, mtaa wa San Lorenzo, Roma. Tarehe niliijaza kwenye mtihani nikapata vema. Kilichonipita ni kisa cha kabati. Vifaa vyake vilikuwa vinafungiwa kabatini, mwalimu anavigawa. Siku moja mwalimu akasahau kufunga. Kufika, akakuta watoto wameshajichukulia, kila mmoja amechagua chake na yuko kazini. Mwalimu alidhani ni wizi. Montessori akaona kwamba wanajua wanachokitaka, na baada ya hapo vifaa vikawekwa wazi, kwenye rafu fupi zinazofikiwa na mtoto. Mimi nilikuwa na cheti cha serikali na kamba ya katani, zaidi ya miaka 100 baada ya kabati lile.

Jumatatu nikaikata.

Nisikufiche: wiki mbili za kwanza zilikuwa balaa. Walimiminika kwenye kona kama kumbikumbi kwenye taa. Manila zilichanika. Mizani ya vifuu ilidumu siku moja na nusu. Mmoja alijitia harage puani tukakimbizana na bodaboda hadi zahanati, na mimi nyuma nimemkumbatia nikiomba dua zote ninazozijua. (Usiweke maharage. Weka vizibo, mabunzi, magogo ya mhogo mkavu, vitu visivyoingia tundu lolote la mwili.)

Na katikati ya balaa hilo akaja mgeni wa kukagua. Alisimama mlangoni akauliza, "Mwalimu yuko wapi?" Nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa chini kwenye jamvi, nimezungukwa, nanunua machungwa ya udongo kwa yule mtoto wa mstari wa nyuma, na alikuwa ananikatalia bei. Taarifa ilisema darasa halina nidhamu na mwalimu hasimami mbele. Yule mwenzangu aliisoma kwa sauti ofisini, neno kwa neno. Nilikunywa chai yangu hadi mwisho. Maneno yale bado nayajua kwa kichwa.

Lakini duka lile la machungwa ya udongo lilibaki. Ndilo lililoniokoa, na ndiyo mbinu yangu ya kwanza kwako: usianze na kona nne. Anza na moja, na iwe ya kitu wanachokiona nyumbani. Huku kwetu ni fungu la machungwa. Kama uko pwani kabisa, uza samaki wa udongo. Kama ni kwa wafugaji, wachunge mabunzi. Waache washike.

Ya pili, ligawe darasa. Huwezi kufanya lolote na watoto 83 ndani ya chumba kimoja. Nusu ndani, nusu chini ya mwarobaini, halafu mnabadilishana. Mimi nilimpata bibi mmoja ambaye mjukuu wake yumo, akawa anakaa nje anawasimamia mdako. Ukiutazama mdako kwa macho ya ualimu unashangaa: unarusha kokoto moja juu, unazoa nyingine shimoni, unarudisha zote unabakiza idadi inayotakiwa, na ile ya juu bado haijaanguka. Hiyo ni kutoa na kujumlisha, na mkono unajifunza kutii, mkono uleule utakaoshika penseli. Bibi hakusoma hata darasa moja. Alinifundisha kazi.

Ya tatu, waache washike. Nimeshasema, narudia. Rafu iwe kimo chao: matofali mawili, ubao, basi. Chora umbo la kila kifaa pale kinapokaa, wao wenyewe watakirudisha, na atakayekosea watamsema kuliko wewe.

Wazazi watakuja. Watasema daftari jeupe, mtoto wa jirani anayesoma kule kwa basi la njano anaandika jina lake na la baba yake. Usibishane nao kikaoni. Waite waje darasani siku ya kawaida, wakae jamvini, wauziwe machungwa. Baba mmoja alikuja amekasirika, akapunjwa chenji na binti yake kwa makusudi ili aone kama baba anajua kuhesabu. Hakurudi kulalamika.

Walimu wenzangu, naomba niseme hili hata kama litawauma. Tunatengeneza madarasa ya kupigwa picha. Tunaning'iniza chati juu huko anapofika afisa, mtoto hafiki. Tukisikia sauti zao tunaona aibu, kana kwamba ukimya ndio elimu. Mtoto wa miaka mitano anayekaa kimya dakika 20 ama anaumwa ama anatuogopa, na wengi wanatuogopa. Tunawaogopesha kisha tunaandika "hajui". Mimi nimeandika. Sitaki kumnyooshea mtu kidole ambacho sijajinyooshea mwenyewe.

Kwa hiyo, binti, kesho usifundishe. Beba kisanduku cha vizibo, kimwage jamvini, ukae chini ufumbe mdomo kipindi kimoja. Chukua daftari uandike nani kafanya nini. Utakaposhikwa na hamu ya kusema "siyo hivyo", meza mate. Utaona wale unaodhani hawajui.

Utaniuliza kama kamba ile bado ninayo. Ninayo. Wanaichezea basi: wanaingia ndani ya kitanzi, dereva mbele, konda nyuma, nauli vizibo viwili hadi Segera. Konda wa juma hili ni mtoto wa yule mwenzangu wa kituo cha daladala. Anapiga kelele kuliko wote, na chenji anarudisha sawasawa.