Ukitaka kupima mlonge maabara, anzia shambani

Nimefanya kazi ya kupima mimea kwa miaka mingi, na kilichopita mikononi mwangu kuliko vyote ni unga wa majani ya mlonge. Huleta mwanafunzi anayeandika tasnifu, huleta mama anayefungasha unga nyumbani na anataka kujua aandike nini kwenye lebo, huleta mganga anayetafuta usajili. Wote nawauliza jambo moja kabla sijapokea mfuko: unataka kujua nini? "Kuna nini ndani yake" haitoshi. Ndani ya jani moja kuna mamia ya kemikali, na kila kipimo huona kile tu kilichotengenezwa kukiona. Sema unatafuta madini ya chuma, au protini, au sumu ya ukungu, tujue pa kuanzia.

Halafu rudi shambani. Andika ulichuma wapi, lini, majani machanga au yaliyokomaa, na uliyaanika vipi. Majani yaliyoanikwa juani hupoteza sehemu kubwa ya beta-karotini, ile ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, kwa sababu mwanga huiharibu. Anika kivulini penye hewa ya kutosha. Kama mmea wako haujulikani kama mlonge, chuma tawi lenye maua au matunda, likandamize katikati ya magazeti likauke, ulipeleke kwa wataalamu wa mimea. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wapo, na Nairobi wapo Makumbusho ya Taifa. Magome na mizizi ndiyo hupoteza watu zaidi, maana jina moja la kienyeji huweza kubeba miti mitatu tofauti ukivuka wilaya.

Jambo ninalolisisitiza kwa wanafunzi kuliko yote ni hili: muulize mzee anayeitumia dawa anaiandaa vipi, na uandike kila hatua. Anachemsha au analoweka? Anatumia maji baridi, maziwa, mafuta? Anasubiri usiku kucha? Mara nyingi mwanafunzi huambiwa wazi kwamba dawa huchemshwa kwa maji, akifika maabara analoweka majani kwenye methanoli, aina ya alkoholi, kwa kuwa ndivyo alivyosoma kwenye tasnifu iliyomtangulia. Methanoli huvuta vitu ambavyo maji hayavivuti. Majibu yatakayotoka ni ya kweli, ila hayahusu kile anachokunywa mgonjwa wa yule mzee.

Nchini China mwanzoni mwa miaka ya 1970, Tu Youyou na wenzake walikuwa wakitafuta dawa ya malaria kwenye mmea wa artemisia, na matokeo yakawa yanayumba. Akarudi kwenye maandishi ya Ge Hong, tabibu wa karne ya 4, yanayoelekeza kuchukua fumba la mmea, kuuloweka kwenye maji, kuukamua na kunywa maji yake. Kuchemsha hakukutajwa. Tu akahisi kwamba joto ndilo linaloua dawa, akabadili kiyeyushi na kutumia etha, ambayo huchemka kwenye nyuzi 35 tu. Hapo ndipo dondoo lilipoanza kuua vimelea kwenye panya bila kuyumba, na mwaka 1972 wakaitenga artemisinini, kiini chenyewe cha dawa hiyo. Tuzo ya Nobel ilikuja mwaka 2015. Maelekezo ya namna ya kuandaa dawa ndiyo yaliyofungua mlango, na ndiyo hayo wengi wetu tunayaruka tunapomhoji mzee. Niongeze hili, kwa sababu naulizwa sana: chai ya artemisia si mbadala wa dawa mseto ya malaria, na Shirika la Afya Duniani haliiungi mkono.

Sasa madini ya chuma. Unga wa mlonge husifiwa sana kwa hili, na hapa ndipo ninapokuwa mkali. Majani yaliyokusanywa bila kuoshwa hubeba vumbi, na udongo wetu mwekundu ni mwekundu kwa sababu ya chuma. Kisha unapelekwa kwenye mashine ya kusaga ya mtaani, yenye visahani vya chuma vinavyosagana siku nzima na kulika kidogo kidogo ndani ya unga. Mashine ya maabara haijui chuma cha jani kutoka chuma cha kisahani, inajumlisha vyote. Kwa hiyo omba kipimo cha majivu pamoja na cha chuma. Sampuli huchomwa kwenye tanuri la nyuzi 550 mpaka yabaki majivu ya kijivu, majivu yakachemshwa kwenye asidi ya haidrokloriki na kuchujwa. Kinachobaki kwenye karatasi ya chujio hasa ni mchanga, unaweza kuusikia ukiusugua kwa vidole. Ukiwa mwingi, usitangaze kile chuma.

Kwenye vitamini C watu hupotoshana zaidi. Utasoma kwamba mlonge una vitamini C mara saba ya chungwa. Takwimu za Wizara ya Kilimo ya Marekani zinaonyesha miligramu kama 52 kwa gramu 100 za majani mabichi, na kama 53 kwa chungwa. Ukiyakausha, sehemu kubwa ya hiyo inapotea. Na protini nayo iangalie vizuri: majani mabichi yana gramu 9 hivi katika gramu 100, unga una zaidi ya 20, kwa kuwa karibu asilimia 80 ya jani bichi ni maji na maji yametoka. Hakuna anayekula gramu 100 za unga kwa siku. Kijiko cha chakula ni gramu chache. Andika kiasi kwa kijiko, mteja wako atakuelewa.

Wanafunzi wanaopima nguvu ya kuzuia oksidisho (antioksidanti) kwa DPPH, ile kemikali ya zambarau inayogeuka njano, nawaomba waweke chai ya kawaida ya dukani pembeni ya sampuli yao. Chai nayo huigeuza njano vizuri sana. Rangi ikibadilika kwenye mrija wa maabara, umepata sababu ya kuendelea kuchunguza. Hujapata dawa ya saratani, na usiiandike hivyo.

Kwa mama wa unga: kama fedha inatosha vipimo vichache tu, acha vitamini kwanza. Pima unyevu, uwe chini ya asilimia 10, kisha bakteria, kisha sumukuvu, ile sumu ya ukungu, maana unga usiokauka vizuri huota ukungu ukiwa ndani ya kifungashio kizuri. Ukiuza kama chakula, nenda TBS (Shirika la Viwango Tanzania); ukisema unatibu, unahitaji Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na utatakiwa kupitia kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Sampuli ichote juu, katikati na chini ya gunia, changanya, gawanya mara mbili, nusu ifunge na ubaki nayo nyumbani mahali pakavu penye giza, ukiwa umeandika tarehe, ili majibu yakileta ubishi kuwe na cha kupimwa tena.