Maswali ya Wasomaji: Gharama ya Kuhama Mfuko

SWALI: Mhariri, pokea salamu kutoka Kibaigwa. Mimi ni mfanyabiashara wa mahindi na nina vipande (yaani sehemu zangu katika mfuko wa uwekezaji wa pamoja) vya Mfuko wa Umoja vyenye thamani ya shilingi 4,000,000. Nakusudia kuvihamishia vyote katika Mfuko wa Ukwasi ili fedha iwe karibu msimu wa ununuzi ukifika, kisha niirudishe Umoja baada ya mauzo, na kufanya hivyo kila mwaka. Mwenzangu sokoni anasema kuhama ndani ya UTT AMIS, kampuni inayosimamia mifuko yote miwili, ni bure. Je, ni kweli?

JIBU: Ndugu msomaji, si kweli kwa mpango huo. Kuhama ni kuuza vipande vya mfuko mmoja na kununua vya mwingine, hata kama meneja ni yule yule. Ukwasi hautozi gharama ya kuingia wala ya kutoka, lakini Umoja hutoza asilimia 1 ya thamani ya vipande unapoviuza, yaani shilingi 40,000 kwa fedha yako yote. Wawekezaji wengi hawaitambui gharama hii kwa sababu imo ndani ya bei: kipande hununuliwa kwako kwa bei iliyo chini kidogo ya thamani yake halisi.

Kuhama mara moja hakunitii wasiwasi, kwa kuwa hata ungechukua fedha moja kwa moja kutoka Umoja ungekatwa kiasi hicho hicho. Kinachonitia wasiwasi, na nakusihi ukifikirie sana, ni kule kurudi, kwani kila fedha inayorudi Umoja itakatwa upya msimu unaofuata.

Hamisha kiasi cha mtaji wa mahindi peke yake. Ukihitaji shilingi 1,500,000, utakatwa 15,000, na mauzo yakishafanyika fedha hiyo irudi Ukwasi na ibaki huko. Vipande vingine viache Umoja vikue.

Ikiwa siku moja utataka kuhama kwa kufuata faida kubwa zaidi, pima kwanza: mfuko mpya ukizidi wa zamani kwa asilimia 2 kwa mwaka, gharama ya asilimia 1 itarudi baada ya takriban miezi sita. Iko pia mifuko ambayo gharama ya kutoka hupungua kadiri miaka inavyopita, kwa hiyo soma waraka wa toleo, yaani hati inayoeleza masharti ya mfuko, na uangalie tarehe uliyonunua vipande kabla ya kujaza fomu ya kuuza.