Kumtoa mtu kwenye hesabu ya matendo: ushauri kwa wanaotembelea waumini majumbani

Ukiingia nyumba ya Mkristo hapa Tanga, usianze na "umeokoka?" Kila mtu ana jibu la swali hilo tayari, na jibu lenyewe halikuambii anachokitegemea. Uliza hivi: "Mama, leo hii ukisimama mbele za Mungu akakuuliza kwa nini akupokee, utamjibu nini?" Kisha nyamaza, hata ukimya ukiwa mrefu. Haraka ya mgeni ndiyo inayomfanya mwenyeji ajibu kwa maneno ya kanisani badala ya maneno ya moyoni.

Majibu yanafanana kuanzia Ngamiani hadi Mikanjuni. "Nimejitahidi, mwanangu." "Ibada sikosi." "Sina ugomvi na jirani yeyote." "Pombe niliacha zamani." "Zaka natoa." Mambo mazuri yote hayo, wala usiyadharau mbele yake. Lakini sikiliza ni nani anayetenda katika jibu zima. Ni yeye mwanzo mpaka mwisho, na Kristo hakutajwa. Mtu huyu anaimba tenzi za msalaba kila Jumapili, ila tumaini lake liko kwenye rekodi yake.

Kuna jibu la pili ambalo watembeleaji wengi huliona ni unyenyekevu: "Mimi? Mimi bado, mchungaji. Nina mambo ya kurekebisha kwanza." Huyu ana shida ileile. Anahesabu kama yule wa kwanza, tofauti ni kwamba mwenzake amejikuta na ziada na yeye amejikuta na upungufu. Ukimtia moyo kwa kumwambia "wewe si mbaya hivyo," umemrudisha kwenye hesabu. Mwache na upungufu wake, maana ni wa kweli, umwonyeshe njia nyingine.

Sasa utaratibu. Nendeni wawili: mmoja azungumze, mwingine asikilize na kutafuta aya. Saa moja inatosha. Mwenyeji asome mwenyewe, kwa sauti, katika Biblia yake. Aya anayosomewa ataikumbuka kama maneno yako, na aliyoisoma kwa mdomo wake hawezi kusema ni mafundisho ya kanisa lenu. Msizidishe sehemu tatu za Maandiko kwa siku moja. Kosa la wainjilisti wenye bidii ni kumwaga aya ishirini kwa mkupuo, na mtu analala amechoka, hakumbuki hata moja.

Sehemu ya kwanza iwe Warumi 4. Kwa mzee aliyekulia kwenye mashamba ya mkonge, Pongwe au Muheza, ingia kwa kupitia kipande, kadi ya kazi ya vibarua wa mkonge. Kadi ile ya siku 30 anaijua au amesimuliwa na baba yake: hujazimaliza siku zako, hulipwi, umezimaliza, mshahara ni haki yako, na meneja hakufanyii hisani anapokulipa. Hapo mpe aya ya 4 na ya 5 asome: "Lakini kwa mtu afanyaye kazi, ujira wake hauhesabiwi kuwa ni neema, bali kuwa ni deni. Lakini kwa mtu asiyefanya kazi, bali anamwamini yeye ampaye haki asiyekuwa mtauwa, imani yake mtu huyo imehesabiwa kuwa haki." Mtauwa ni mcha Mungu. Kwa hiyo aya inasema Mungu humpa haki asiyemcha, na ni hapo wengi husimama na kusoma tena. Waache wasome tena. Kisha uliza: "Baba, kuna siku yoyote Mungu amekuwa na deni kwako?"

Mzee mwenye busara atasema hapana. Ila kukiri hivyo ni rahisi kuliko kuliamini hilo moyoni, ndiyo maana Paulo anamleta Ibrahimu, na hapa nakusihi usipite haraka. Pigeni hesabu ya miaka pamoja, kwa karatasi na kalamu. Mwanzo 15:6 inasema, "Akamwamini BWANA, naye akamhesabia jambo hili kuwa haki." Ishmaeli alizaliwa baada ya hapo, Ibrahimu akiwa na miaka 86, ndivyo ilivyo katika Mwanzo 16:16. Alitahiriwa akiwa na miaka 99, Mwanzo 17:24. Isaka alizaliwa Ibrahimu akiwa na 100. Na torati ya Musa, kwa hesabu ya Paulo katika Wagalatia 3:17, ilikuja miaka 430 baada ya ahadi. Andika namba hizo kutoka juu kwenda chini: kuamini na kuhesabiwa haki, kisha 86, kisha 99, kisha 100, kisha torati. Mtu aone kwa macho yake kwamba Ibrahimu alikuwa mwenye haki miaka 13 au zaidi kabla ya tohara, na karne nyingi kabla ya amri kuandikwa kwenye mawe. Hakuna amri uliyofundishwa wewe iliyo ya zamani kuliko hiyo haki.

Karatasi hiyo mwachie. Utaihitaji siku mtakapoulizwa kuhusu Waraka wa Yakobo.

Sehemu ya pili ni Luka 18:9-14, Farisayo na mtoza ushuru. Inajulikana sana, na kwa sababu hiyo watu huisoma bila kuiona. Mwonyeshe mambo mawili. Kwanza, Farisayo hakuwa mwongo. Alifunga mara mbili kwa juma, wakati torati katika Walawi 16 iliagiza siku moja tu kwa mwaka, Siku ya Upatanisho. Alivuka kiwango. Pili, alianza na "Ee Mungu, nakushukuru." Hakusema amejifanya mwema mwenyewe, alimshukuru Mungu kwa wema wake, lakini alisimama juu ya huo wema. Hapo ndipo Mkristo wa siku nyingi hushtuka, kwa sababu naye husema "ni kwa neema tu" halafu anaorodhesha. Yule mwingine alisema, "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi," hakuahidi hata kurudisha ushuru, akashuka nyumbani amehesabiwa haki. Mwulize mwenyeji: alihesabiwa lini, baada ya kujirekebisha au alipoondoka pale hekaluni?

Sehemu ya tatu ni Waefeso 2:8-10, na kosa kubwa ni kuishia aya ya 9. Nane na tisa zinaondoa matendo kuwa sababu: "si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu." Ya kumi inayarudisha mahali pake: tuliumbwa katika Kristo Yesu "tutende matendo mema." Ukikata pale kwenye tisa, utasikia wiki ijayo kwamba umefundisha watu waishi wapendavyo, na aliyekulaumu atakuwa na haki.

Imani yenyewe ina vipengele vitatu na ni vizuri uvitenganishe. Kujua: Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi, akafufuka. Kukubali: ndiyo, ni kweli. Kutegemea: ni kwa ajili yangu, na ninamwachia nafsi yangu. Watu wengi waliolelewa kanisani wanavyo viwili vya kwanza tangu kipaimara. Yakobo 2:19 inasema hata mashetani huamini na kutetemeka. Nao wanavyo hivyo viwili. Kinachookoa ni cha tatu, na hicho hakipimwi kwa ukali wa hisia. Usimwambie mtu "ungekuwa na imani ungelia" au "ungesikia joto." Damu ya mwana-kondoo katika Kutoka 12 ilimwokoa mzaliwa wa kwanza aliyelala usingizi na yule aliyekesha akitetemeka, mradi ilikuwa mlangoni. Mungu alisema, "nitakapoiona damu, nitapita juu yenu." Aliangalia damu, hakuangalia utulivu wa waliokuwa ndani.

Jambo hilo ni muhimu kwa sababu mtu akishaacha kutegemea matendo, mara nyingi huigeuza imani kuwa tendo jipya. Anaanza kuichunguza: imetosha? Ni safi? Nilisema vizuri ile sala? Ndiyo sababu tuna watu wanaonyoosha mkono kila mkutano wa injili, mwaka baada ya mwaka, wakirudia sala ya toba wakidhani ya mwanzo haikushika. Usimkimbize mtu kwenye sala hiyo. Akitaka kuomba, aombe kwa maneno yake, hata kama ni sentensi moja. Mwenye hofu mpe Marko 9:24, yule baba aliyesema, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Mtoto wake aliponywa siku ileile.

Sasa Yakobo. Atakuja, na kwa kawaida ataletwa na shemeji au mzee wa kanisa aliyesikia mnachosoma: "Imani bila matendo imekufa, hilo hamjaliona?" Usibishane, toa ile karatasi ya miaka. Paulo anapomtaja Ibrahimu kuhesabiwa haki, anasoma Mwanzo 15. Yakobo anapomtaja Ibrahimu akimtoa Isaka madhabahuni, anasoma Mwanzo 22, miaka mingi baadaye, na yeye mwenyewe katika 2:23 anasema tendo lile lilitimiza andiko la Mwanzo 15:6. Paulo anajibu swali la mtu anayetaka kuingia: nitapokewaje? Yakobo anamjibu mtu anayedai yumo: tutajuaje? Tazama mfano wake wa kwanza, 2:15-16: ndugu hana nguo wala chakula cha siku, wewe unamwambia "enendeni zenu kwa amani, mkaote moto na kushiba." Yakobo hazungumzii hereni wala suruali.

Nimetaja hereni na suruali kwa makusudi. Katika makanisa yetu, mtu akiamini leo, wiki ijayo hukabidhiwa orodha: usisuke, usivae hivi, usikose mkesha, usikae na fulani. Nia ni njema, kumlinda. Madhara yake ni kwamba anafundishwa kwa vitendo kuwa Kristo alimwingiza ila orodha ndiyo inayomweka ndani. Hayo ndiyo yaliyotokea Galatia, na Paulo aliuliza kwa ukali: "Baada ya kuanza katika Roho, mnataka sasa kukamilishwa katika mwili?" Dalili ya kwanza huonekana mezani. Petro kule Antiokia alikuwa akila na watu wa Mataifa. Walipofika watu kutoka kwa Yakobo akajitenga kwa kuwaogopa Wayahudi wa tohara, Wagalatia 2:12. Ukiona kwenye shughuli waumini wa kanisa moja hawakai sinia moja kwa sababu ya mavazi, acha ratiba mliyokuwa nayo msome Wagalatia. Barua nzima ina sura 6, aya 149. Ikisomwa kwa sauti kwa zamu haimalizi nusu saa. Someni yote kwa kikao kimoja kabla ya kuichambua, kama walivyosomewa wale walioandikiwa.

Kuhusu majirani zetu. Usijenge fundisho hili juu ya kuwasema Wakatoliki. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Shirikisho la Kilutheri Duniani na Kanisa Katoliki walitia sahihi tamko la pamoja kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu, kwa imani katika kazi ya Kristo, si kwa stahili yetu. Wamethodisti waliungana nalo 2006. Tofauti bado zipo na wanaozijua wazizungumze kwa staha, lakini anayewaambia watoto kwamba Wakatoliki hawajui neema anawadanganya. Na mtumaini-matendo yumo katika kila kanisa, la Kilutheri na la Kipentekoste pia. Waislamu nao usiwatumie kama mfano wa "watu wa sheria" ukiwa sebuleni kwa mtu ambaye nusu ya ukoo wake ni Waislamu. Wakikuuliza wenyewe, kama wanavyouliza, "ninyi mkishaokoka mnafanya mtakavyo?", jibu kwa Warumi 6:1-2, na wayaone maisha yenu mtaani.

Mgonjwa ni habari nyingine. Ukiitwa hospitalini, sahau mpangilio wote huu. Aya mbili, dakika tano, sauti ya kawaida karibu na sikio. Yohana 6:37, "wala yeyote ajaye kwangu sitamtupa nje kamwe," inatosha peke yake. Ndugu wakianza kumsihi aungame hili na lile kwa mpangilio, waombe kwa upole wampumzishe. Yule mhalifu msalabani hakupata muda wa kurekebisha kitu, na aliahidiwa pepo leo hii.

Kwa wengine, rudi baada ya wiki moja, usingoje mwezi. Uliza swali lilelile la kwanza, neno kwa neno, na usishangae mama akijibu tena, "nimejitahidi." Ni mazoea ya maisha yote, hayatoki kwa kikao kimoja. Mkumbushe mtoza ushuru, umwache aseme upya.

Swali la zaka litakuja karibu na ziara ya pili: "Kwa hiyo niache kutoa?" Mjibu wazi kwamba aendelee, kwa moyo wa ukunjufu kama ilivyo katika 2 Wakorintho 9:7, na asikope ili atoe kwa kuogopa laana. Kisha muulize jambo moja: mwezi ule ambao hakuwa na kitu cha kutia kwenye bahasha, aliomba kama kawaida, au aliona haya kumkaribia Mungu? Akisema aliona haya, fungueni tena Warumi 4, aya ya 4, asome yeye.