Hegel na lugha: anza na neno "sasa"

Mkuu, umeuliza kama ni kweli wanafalsafa wa udhanifu wa Ujerumani, wale walioipa akili nafasi ya kwanza katika kuujenga ulimwengu tunaoujua, kama Kant na Hegel, waliiona lugha kama gunia tu la kubebea mawazo yaliyokwisha kuiva kichwani. Kwa Kant lawama hiyo ina msingi, na mwandishi Hamann, aliyeishi naye mji mmoja wa Königsberg, aliiandika mapema, 1784. Kwa Hegel, hapana.

Mimi Hegel nilimwelewa nikiwa zamu ya usiku, wala si darasani. Mwanzoni mwa Fenomenolojia ya Roho (1807) anamgeukia mtu anayeamini kwamba alichokiona kwa macho ndio ukweli kamili, anamwambia: hebu iandike hiyo "sasa" yako, kwani ukweli hauharibiki kwa kuandikwa. Nikachukua daftari nikaandika, "Sasa ni usiku." Kesho yake saa sita mchana nikalifungua. Mwandiko ni wangu, wino uleule, na nje jua linawaka. Nilitaka kuusema usiku wangu ule mmoja, lakini neno "sasa" ni la kila saa na la kila mtu. Wengi huteleza hapa wakidhani Hegel anailaumu lugha kwamba imeshindwa kazi. La hasha! Anasema lugha ndiyo yenye ukweli zaidi kuliko kile tulichokusudia kukisema.

Halafu nikajaribu na kikombe cha chai. Mjerumani ana "dieses" ya kuonyeshea kitu ambacho bado hajakitaja. Sisi hatuna kionyeshi kisicho na ngeli. Hata kama sikijui jina nitasema "hiki", na nyuma yake limeshajificha neno "kitu". Kidole kinaonyesha kimoja, ulimi umeshakitia kwenye ukoo wa viti na visu. Kwa maoni yangu, hapo Kiswahili kinampa Hegel ushahidi mzito kuliko Kijerumani chake.

Herder, mwanafalsafa mwingine wa Kijerumani aliyeandika juu ya chanzo cha lugha, usimruke. Katika insha yake ya 1772 mtu anamtambua kondoo kwa mlio wake, na alama ile aliyoishika moyoni tayari ni neno, hata kabla hajafungua mdomo. Yeye anafuatilia jina linavyozaliwa. Hegel, linachofanya likishatamkwa.

Ukimaliza sura ile ya kwanza, nenda kwenye Ensaiklopidia yake ya 1830, aya ya 462, anaposema kwamba tunafikiri ndani ya majina. Isome polepole, na daftari liwe karibu.