Muulize Mwalimu: Wachichimeca walishindwa na nani?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mwanangu wa darasa la sita amesoma kitabuni kwamba kaskazini mwa Meksiko waliishi Wachichimeca, "watu wa porini waliokula miiba", na kwamba Wahispania waliwashinda vitani. Ameniuliza mtu anakulaje mwiba, nikakosa la kumwambia. Na je, ni kweli walishindwa?
Msomaji, Korogwe

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimefurahi swali limetoka Korogwe, maana nusu ya jibu umeizoea machoni. Ni mkonge.

Baba yangu alikuja Tanga kama manamba, akakata mkonge mpaka vidole vikakataa kunyooka. Nilikuwa nampelekea uji shambani, na bado namwona anavyolishika jani: kwanza anaondoa ule mwiba wa nchani, mweusi, mgumu kama shazia, ndipo analilaza kwenye mzigo. Sisi tulijua mmea ule una singa tu. Lakini mkonge ni mgeni kwetu. Uliletwa Tanga na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na asili yake ni Meksiko. Huko una ndugu wengi, na baadhi yao katikati ya majani wana moyo mnene unaolika. Wachichimeca walichimba shimo, wakapasha mawe moto humo, wakapanga mioyo ile juu yake, wakafukia na kuiacha ioke usiku na mchana. Hutoka ya kahawia, tamu, yenye nyuzi. Unatafuna, unafyonza, unatema makapi kama ya muwa. Penye shida ya maji, utomvu wa mmea huohuo ulikata kiu. Mwambie mtoto kwamba mwiba waliutupa, kama babu yake wa Tanga.

Walikula pia tunda la mpungate, na maganda matamu ya mesquite, mti wa ukoo mmoja na ule ambao ndugu zetu wa Baringo wanauita mathenge. Waliyatwanga maganda yakawa unga, wakafanya mikate. Waliwinda paa na sungura. Nchi ile ni kame, nyanda za juu zenye mawe na jua kali, na mtu asiyejua mmea upi una maji ndani hafiki mbali.

Tena Wachichimeca si kabila moja. Ni jina ambalo Wanahua, wakulima wa kusini, waliwapachika jirani zao wa kaskazini, kama wafugaji wa kwetu walivyowaita wawindaji "Wandorobo" kwa kuwa hawakuwa na ng'ombe. Ndani ya jina hilo walikuwamo Waguachichil waliojipaka rangi nyekundu kichwani, Wazacateco, Waguamar, Wapame na wengine, kila mmoja na lugha yake. Na wala halikuwa tusi tupu: watawala wa Texcoco, mji wa wasomi na washairi, walijivunia cheo cha "Bwana wa Wachichimeca", kwa sababu walihesabu mababu zao humo.

Sasa vita. Kwa miaka mingi nilisimama ubaoni nikaandika kwamba Meksiko ilitekwa mwaka 1521, nikafuta ubao, nikahamia mada nyingine. Naona uchungu nikikumbuka. Kilichoanguka mwaka ule ni mji mkuu wa Waazteki. Mwaka 1546 Wahispania walipata madini ya fedha Zacatecas, katikati ya nchi ya watu hawa, na misafara ya magari ya kukokotwa ikaanza kupita kwenye malisho yao ya mawindo bila kuuliza mtu. Kuanzia 1550 misafara ikashambuliwa. Vita vilichukua miaka 40.

Mshale wao ulikuwa mwembamba, wenye ncha ya jiwe jeusi la volkano linalong'aa kama kioo. Wahispania wenyewe waliandika kwamba ulipenya deraya za chuma. Dola iliyokuwa na farasi, bunduki na ngome njia nzima haikuweza kuwamaliza, na sababu moja ni ya aibu: askari walilipwa kidogo, wakawa wanajilipa kwa kukamata watu na kuwauza utumwani. Vita vikiisha, biashara inaisha. Kwa hiyo hata waliokaa kwa amani walivamiwa, nao wakaingia vitani.

Aliyekata mzizi huo ni gavana mkuu, Marqués de Villamanrique, aliyefika mwaka 1585. Alipiga marufuku utumwa ule, akapunguza askari, na fedha za vita akazigeuza kuwa mahindi, nyama ya ng'ombe, nguo na majembe. Mwenye kuongea na wapiganaji alikuwa Miguel Caldera, kapteni ambaye baba yake alikuwa Mhispania na mama Mguachichil. Kufikia 1590 barabara ilikuwa imetulia. Hivyo jibu la mtoto ni hili: hawakushindwa kwa silaha. Walikubaliana.

Sitaki kuipamba amani hiyo, lakini. Mwaka 1591 familia 400 za Watlaxcala zililetwa kutoka kusini ziwe mfano wa kilimo na Ukristo, watawa wakajenga vituo, maradhi yakafuata. Lugha ya Waguachichil imezimika, na hakuna aliyeiandikia kamusi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mishale yote.

SWALI: Mwalimu, salamu kutoka Nakuru. Watu hao bado wapo?

JIBU: Wapo. Nje kidogo ya mji wa San Luis de la Paz, jimbo la Guanajuato, kuna kijiji kinachoitwa Misión de Chichimecas, nao Wachichimeca Jonaz wanaoishi pale bado wanasema lugha yao, ingawa wasemaji ni elfu chache tu.

Wapame nao wapo, katika jimbo la San Luis Potosí, na hesabu yao imenishika sana. Sisi tunahesabu vidole, ndiyo maana tunasimama kwenye kumi. Wapame wa kaskazini wanahesabu nafasi zilizo kati ya vidole. Nyosha viganja vyako viwili utazame: nafasi nne huku, nne kule. Kwao kituo ni nane. Juzi niliwaketisha wajukuu zangu barazani na bakuli la kunde, nikawaambia wahesabu hivyo. Yule mdogo alifika kumi na sita, akaziangalia nafasi zake, akasema, "Bibi, hizi ni nane mbili."