Weusi wa kiti cha mwaloni si uchafu

SWALI: Naishi Minneapolis. Nimenunua kiti cha mwaloni kwa wazee waliokuwa wanahama. Ni kizito, miguu yake ya mraba, hakina nakshi hata moja, na chote kimekuwa cheusi. Fundi ameniambia huo ni uchafu wa miaka mia, atakipiga msasa kwa mashine mpaka mbao ing'ae, kisha akipake vanishi. Mimi nataka kujifanyia mwenyewe. Nianze na msasa namba ngapi?

JIBU: Ndugu yangu, usianze na namba yoyote, na huyo fundi mwambie asikiguse.

Swali hili huniumiza kwa sababu mara nyingi hunifikia kazi ikiwa imeshaharibika, mwenye kiti akitaka nimrudishie rangi. Kwa ulivyokieleza, weusi huo ulitiwa makusudi. Mwanzoni mwa karne ya 20, mafundi kama Gustav Stickley wa jimbo la New York walikuwa wakifungia samani za mwaloni kwenye chumba kisichopitisha hewa, pamoja na amonia kali. Mvuke wake ukikutana na tanini, dutu ya asili iliyomo ndani ya mwaloni, mbao yenyewe hugeuka rangi. Baadaye ndipo walipopaka shelaki, vanishi ya asili inayoyeyuka kwa spiriti, na nta.

Sisi tumezoea mninga. Mninga ukiupiga msasa, chini yake unakuta mninga uleule. Mwaloni wa amonia hauko hivyo: weusi umeingia kwa kina kidogo tu, na mashine huumaliza kwenye kingo kwanza, halafu katikati, kwa mabaka. Hapo hakuna rangi ya dukani itakayokurudisha ulipokuwa.

Kisogeze kiti dirishani, utazame mkono wake. Kama ni kazi ya aina hiyo, utaona michirizi inayometa kama hariri, imekatiza nyuzi za mbao. Huipati kwenye kila ubao. Gogo lilipasuliwa robo nne kwanza, kisha kila robo ikachanwa kuelekea kiini. Mbao nyingi hupotea, lakini zinazopatikana hazipindi ovyo. Ubao wa namna hiyo huonyesha michirizi pande mbili tu. Leopold na John George, wadogo zake Gustav, waliunganisha vipande vinne katika mguu mmoja ili ionekane pande zote nne. Kazi yote hiyo, mtu anakuja kuififisha kwa msasa!

Tazama pia mguu unapokutana na mkono. Kwenye viti vingi vya aina hii ulimi wa mguu, yaani ncha yake iliyochongwa kuingia kwenye tundu la mkono, hupenya na kutokeza juu kidogo, kingo zake zimechongwa taratibu. Nimeletewa viti ambavyo ndimi hizo zimesawazishwa na mashine mpaka zikawa viraka. Na kabla ya lolote, kipindue. Gustav Stickley alitia alama ya bikari ya seremala yenye maneno ya Kiflemi, Als ik kan, yaani "kadiri niwezavyo". Alama hiyo ikifutwa, thamani kubwa imeondoka nayo.

Usafishaji wenyewe ni mdogo. Kitambaa chenye tapentaini kidogo, madirisha wazi, futa kufuata nyuzi, kisha nta. Vitambaa ulivyotumia vitandaze nje vikauke, usivirundike. Ukitaka kujua kilipakwa nini, gusa sehemu iliyojificha kwa pamba yenye spiriti. Ikinata, huenda ni shelaki ya zamani, basi spiriti isifike kwingine. Sufu ya chuma, ile ya kusugulia masufuria, iweke mbali: chembe zake zikipata maji, hutia madoa meusi kwenye mwaloni.

Ninaowaogopa zaidi ni wale wanaouza njia za mkato. Wakishaharibu kwa msasa, wanakwambia ununue amonia, ufunike kiti kwa nailoni ndani ya gereji, "kitarudi chenyewe". Amonia ya nguvu ile huunguza macho na mapafu, na ile hafifu ya kusafishia vyombo si ya kazi hiyo. Nimewahi kuombwa niifanye kazi hiyo kwenye gereji ambayo mlango wake unafungukia chumba cha watoto. Nilifunga vifaa vyangu, nikaondoka.